Mavi ya chuma yalivyoniumbua mbele ya mtoto wa Mlimani

Msomaji wangu, acha kucheka kwanza. Mavi ya chuma si tusi, wala mhariri hakupitiwa na usingizi. Ni Kiswahili safi kabisa, muulize mhunzi yeyote. Ni yale mabonge meusi, mazito kuliko unavyodhani, yenye vitundu vitundu kama mkate wa kumimina, yanayobaki tanuruni mtu akishayeyusha mawe na kutoa chuma chake. Mimi nilibeba bonge moja kutoka Newala hadi Dar es Salaam kwenye begi la mgongoni, pamoja na korosho za bibi na kigae cha chungu, nikidhani nimebeba dili. Nilichoambulia njiani ni aibu, tena aibu yenyewe kutoka kwa msichana mzuri.

Lakini nianzie mwanzo, maana kuna kosa humu ndani na kosa ni langu.

Mwaka 2022 nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, na cheti changu mama alikiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Usidhani alikuwa anakitunza. Mjini kijiwe kilikuwa kimejaa, kila mtu ana mipango na hakuna mwenye nauli. Mjomba akapiga simu kutoka kijijini kwake, bondeni, ukiteremka kutoka Newala kuelekea upande wa Masasi. Akasema, "Njoo mwanangu, huku kuna barabara ya kijiji inawekwa changarawe, wanatafuta vibarua." Kwetu sisi wa kusini mjomba akisema njoo, unakwenda. Nikapanda basi.

Kazi yenyewe nikapewa ya kushika bendera: nyekundu simama, kijani pita. Kwa siku nilipitisha pikipiki kumi na ng'ombe wa mwalimu mkuu. Wiki ya pili nikahamishiwa kwenye shimo la kifusi, kutoa mawe makubwa ili yasiende barabarani. Shilingi 10,000 kwa siku, unalipwa kila baada ya wiki mbili, na ukichelewa dakika tano siku hiyo umefanya kazi ya sadaka.

Asubuhi moja kijiko kikauma ukingo wa shimo na udongo ukamwagika wa rangi nyingine. Kwetu udongo ni mwekundu, hata soksi zako zinajua. Huu ulikuwa mweusi, mstari wa unene wa mkono, umelala ndani ya wekundu kama jemu katikati ya mkate. Humo vikaanza kudondoka vigae vya vyungu, vipande vya mabomba ya udongo vyenye tundu katikati, mkaa, na yale mabonge meusi. Opereta, mtu wa Singida, akazima mashine palepale. "Oyaa, hili kaburi! Mimi sigusi."

Tukasogea. Mfupa hatukuona hata mmoja. Tulichoona ni vyungu vitatu vizima, vimekaa karibu karibu kama mafiga, vimejaa udongo hadi mdomoni.

Sasa hapo, si unawajua Watanzania? Mtu mmoja akatamka yale maneno mawili: "Mali ya Mjerumani." Basi imekwisha. Nchi hii kila shimo la zamani lina dhahabu ya Mjerumani, kila mzee ana ramani, na kila kijiwe kina mtu ambaye shemeji yake aliuza rupia akajenga ghorofa Mbagala. Dakika kumi hazikupita, mama wa uji kaacha uji, watoto wa shule wameacha shule, majembe yametoka sijui wapi. Kila mmoja anatafuta rupia, mwingine anauliza kuhusu zebaki.

Vyungu viwili walivivunja wengine. Cha tatu nilikivunja mimi.

Nilikipiga kwa jiwe, mara moja tu, kikafunguka kama nazi. Ndani udongo. Nikauchambua kwa vidole, nikaumwaga chini, nikaukanyaga kuhakikisha hakuna kitu kigumu. Hapakuwa na kitu. Mpaka leo nikikaa peke yangu nasikia ule mlio, si mlio mkubwa, ni kama mtu anaweka kikombe mezani kwa hasira.

Fomeni akaja anapiga kelele. Tipa nne zilikuwa zinasubiri na injinia alikuwa njiani. Akatuuliza, "Nyie mnataka hela au vyungu?" Tukasema hela. Ndiyo, nami nilisema. Kijiko kikawashwa, kila kitu kikapakiwa, kikaenda kumwagwa kilomita ya pili na greda ikasawazisha na kushindilia. Mimi nikaweka mfukoni kigae kimoja kilichokuwa na mapambo, na bonge moja jeusi kwa sababu ya uzito wake. Usiku watu walirudi na tochi wakachimba mpaka alfajiri. Walipata malengelenge.

Kila asubuhi tulipangwa mstari tunakumbushwa usalama: kofia, viatu, usilale chini ya tipa, jihadhari na UKIMWI. Yote ya maana. Ila hakuna siku tuliyoambiwa mkikuta kitu cha zamani simameni, mwambieni fulani. Wala simlaumu sana fomeni. Hata angetuambia, mtu wa 10,000 kwa siku anasimamisha vipi mashine ya mamilioni?

Kibarua kilipoisha nikapanda juu Newala kumuaga bibi, mama yake mama. Umri wake umepita themanini na macho yake yanaona mbali kuliko yangu. Nyumba yake haiko mbali na Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na unaona bonde lote mpaka Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Nilimkuta anakaanga korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umepauka kama muhogo wa kuanikwa?"

Nikamtolea kigae, kama mtu anayemletea mzee kipande cha kitenge. Nilikuwa nimesahau kwamba bibi kabla ya masufuria na ndoo za plastiki alikuwa mfinyanzi. Alikigeuza, akalowesha kidole kwa mate akakisugua, akanusa. Akasema udongo huu ni wa bondeni, una mchanga. Akasema kilikuwa chungu cha kupikia, si cha maji, kwa sababu moto umekula nje na masizi yameingia. Akasema aliyekifinyanga alikisugua kwa kokoto laini kikiwa hakijakauka vizuri, "kama mimi nilivyokuwa nafanya." Halafu akafika kwenye mapambo, safu ya vikato vya kulala ubavu, akanyamaza.

"Sisi hatukuchora hivi," akasema. "Mama yangu hakuchora hivi. Na bibi yangu aliyemfundisha mama, naye hakuchora hivi."

Hesabu hiyo mwenyewe msomaji. Mikono mitatu ya wanawake, na kile kigae kiko nyuma yao wote, au pembeni yao.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza. "Mdomo ndiyo unakwambia chungu cha nani."

"Barabarani, bibi."

"Na tumbo?"

"Barabarani."

Hakunigombeza. Aligeukia korosho zake akazigeuza, ingawa zilikuwa hazijafika kugeuzwa.

Bonge jeusi ndilo lililomrudishia kicheko. Alilipima mkononi, akaziba mdomo kwa khanga. "Haya si mavi ya chuma haya!" Akanieleza aliyoyasikia kwa wazee, kwamba wahunzi wa zamani wakiwasha tanuru hawakulala na wake zao, kwa sababu tanuru lenyewe ni mke, lina wivu, na ukimsaliti chuma hakitoki. Vile vipande vya mabomba vilikuwa vya kupitishia upepo wa mivukuto. Mimi nikawaza vijana wenzangu wenye nyumba ndogo Sinza na Tandika, chuma kingetoka kweli?

Nikamuuliza, mbona vitu hivyo viko bondeni, wakati sisi Wamakonde tunajulikana ni watu wa juu? Akanisimulia ile hadithi ambayo kila mtoto wa kwetu ameisikia kwa namna yake: mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke akamwoa. Watoto waliozaliwa bondeni karibu na maji walikufa, aliyezaliwa juu akaishi, ndipo wakaambiwa wakae juu mbali na mito. Mahali penyewe wanapataja Mahuta. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo kwenye kitabu chake. Aliandika pia jinsi wanawake wa huku walivyofinyanga vyungu kwa mikono mitupu bila gurudumu. Alipoondoka aliondoka na mizigo ya vitu vya kwetu, vikaenda Leipzig.

Lakini juu hakuna maji. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, bibi na wenzake waliteremka bondeni na mitungi kichwani usiku wa manane na kurudi jua limewaka. Kwa hiyo bondeni palikuwa na watu, ama wetu waliofuata maji ama wengine waliokaa hapo kabla yetu. Ni kina nani? Hilo ndilo swali ambalo kile chungu kingelijibu.

Nikaondoka Newala na maswali hayo, ila kusema kweli yalikuwa nyuma ya korosho. Masasi nikapata basi la Dar, siti ya pembeni yangu kakaa dada mmoja, sitamtaja jina, ana kitabu mapajani na miwani ya kusomea. Njia ni ndefu. Nikatafuta pa kuanzia stori. Nikamsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba anarudi chuo, Mlimani, anasoma akiolojia. Moyo ukaruka. Bwana we, Mungu anipe nini tena? Nikafungua begi.

"Samahani dada, wewe unaweza kuniambia hiki ni kitu gani?"

Akakipokea kwa mikono miwili, macho yakang'aa. Nikajiona nimeshafika. Akatoa na daftari. Halafu akaanza maswali.

"Ulikitoa kina gani?"

Kina?

"Vilikuwa vimekaa wima au vimelala? Vilikuwa juu ya ule mkaa au chini yake? Mkaa uliuweka kwenye nini?"

Nikasema mkaa tuliuacha. Akauliza chungu kizima kilikuwepo? Hapo ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya, labda yale maswali ya bibi yalikuwa bado yananiwasha. Nikamwambia vilikuwepo vitatu na kimoja nilikivunja mimi kwa jiwe, natafuta rupia.

"Na udongo uliokuwa ndani?"

"Niliumwaga."

Alinirudishia kigae, akafungua kitabu chake. Kutoka Mingoyo mpaka Nangurukuru hakunisemesha. Wewe unaijua Mingoyo na unaijua Nangurukuru, hesabu mwenyewe kilomita za kimya hicho.

Nangurukuru basi likasimama watu wale. Nikamnunulia chipsi, akakataa. Nikamnunulia maji, akapokea, nadhani kwa kiu. Nikamwomba, dada nitukane basi tujue moja. Ndipo akalainika, akanifundisha darasa ambalo sikulipata miaka minne ya sekondari.

Alisema chungu peke yake ni nusu ya habari, nusu nyingine ni mahali kilipokaa na kilichokuwa nacho. Mkaa ule ungeweza kupimwa umri. Kila kiumbe hai kina kaboni ya aina fulani, na kikifa ile kaboni inaanza kupungua taratibu, nusu yake inaisha kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mmarekani Willard Libby ndiye aliyeivumbua njia hiyo pale Chicago miaka ya 1940, na mwaka 1960 akapewa tuzo ya Nobel. Ila mkaa lazima ujulikane umetoka wapi. Mkaa wa kwenye tipa unaweza kuwa wa mwaka 600, unaweza kuwa wa mama wa uji. Na ule udongo wa ndani ya chungu, pamoja na ukuta wake, mara nyingine hubaki na mafuta ya chakula, wataalamu wanapima wanajua palipikwa nini. Mimi nimekanyaga chakula cha mtu, nahakikisha hakina rupia.

Mapambo nayo akayafananisha na khanga. Ukiona khanga na jina lake, mama anayejua atakwambia hii ilitoka mwaka gani na nani alikuwa anaivaa. Vyungu ni hivyohivyo. Akamtaja Amandus Kwekason, mtafiti wa Kitanzania, aliyeandika mwaka 2013 kuhusu vyungu vya mafundi chuma wa mwanzo kwenye pwani yetu ya kusini, vinavyofanana na vile vya Nkope, kule Malawi kando ya Ziwa Nyasa. Yaani watu wa kusini walikuwa na ndugu au majirani mpaka ziwani, kitambo. Nami shuleni historia ya Masasi niliianza mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar. Kabla ya hapo kwenye daftari langu palikuwa na pori.

"Sasa kigae changu ni cha Nkope?" nikauliza kwa tamaa.

"Kigae kimoja kisicho na mdomo?" Akacheka kwa mara ya kwanza. Si kicheko nilichokuwa nakitafuta.

Kilichoniuma zaidi ni sheria. Kumbe ipo, tangu mwaka 1964, Sheria ya Mambo ya Kale, ikarekebishwa mwaka 1979. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni mali ya kulindwa, na aliyekiona anatakiwa atoe taarifa kwa wahusika: Mambo ya Kale, kiongozi wa serikali au makumbusho. Si kukivunja, si kukiuza, wala si kukitembeza kwenye basi kutafutia mchumba. Hilo la mwisho halimo kwenye sheria, alilisema yeye.

Na kuna la pili ambalo ningelijua ningemkimbilia fomeni. Mikataba mikubwa ya ujenzi duniani inafuata vitabu vya FIDIC. Chapa ya mwaka 1999, kifungu cha 4.24, kinasema mkandarasi akikuta masalia, sarafu au vitu vya kale amjulishe mhandisi na avilinde visiharibiwe wala kuibwa. Na akicheleweshwa kwa sababu hiyo ana haki ya kudai muda wa nyongeza na gharama zake. Umesikia? Analipwa! Barabara yetu ilikuwa ndogo, ya kijiji, lakini nawaza: kama habari hiyo ingefika mpaka kwa opereta na kwa sisi waokota mawe, nani angetupigia kelele?

Maana wenzetu wanasimama. Chile, mwaka 2010, walikuwa wanapanua barabara kuu jangwani, Atacama, wakakuta mifupa ya nyangumi. Nyangumi jangwani, usipime! Watafiti walipewa muda mfupi, wakapima na kupiga picha za kompyuta mifupa zaidi ya 40 kama ilivyolala, ikahamishwa, barabara ikaendelea. Hapa hapa Afrika, bomba la mafuta kutoka Chad hadi pwani ya Kamerun, kilomita 1,070 hivi, wataalamu walitembea mbele ya mashine na pembeni yake, wakaandikisha sehemu za kale zaidi ya 400. Bomba lilikamilika mwaka 2003, hakuna aliyesema vyungu vimezuia mafuta. Jirani zetu Uganda, mwaka 1929, wafungwa wa gereza la Luzira walipokuwa wanachimba walikuta kichwa cha udongo kilichofinyangwa zamani. Wafungwa! Hawakukivunja zaidi. Ila kilihamia British Museum, London, na hilo ni ugomvi wa siku nyingine.

Ndugu zetu wa Lindi wana ya kwao. Mwaka 1906, mwaka uleule wa Weule, mhandisi wa madini Mjerumani, Sattler, alikuta mifupa mikubwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 ikachimbwa, zaidi ya tani 200 zikabebwa kwenda Berlin, na yule mjusi amesimama mpaka leo kwenye jumba lao, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wabunge wanamuulizia kila mara. Wengi hatujui kwamba mkuu wa wachimbaji pale alikuwa mtu wa huku huku, Boheti bin Amrani, ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea kwa kutambua na kutoa mifupa bila kuiharibu. Zaidi ya miaka mia iliyopita alikuwepo fomeni wa kwetu anayejua asimamishe wapi jembe. Mimi na rafiki zangu, mwaka 2022, tuna simu za kutachi na jiwe mkononi.

Tulipofika Mbagala nikaomba namba. Akanipa, tena bila kusita. Kesho yake nikapiga, nimesafisha koo, ikapokea sauti nzito ya mzee: "Mambo ya Kale, nikusaidie nini?"

Msomaji, nilitaka kukata. Sikukata. Nikamweleza yote, na chungu nikamweleza. Mzee hakucheka wala hakufoka, akauliza jina la kijiji, akasema andika barua, eleza mahali, na uwajulishe wakubwa wa wilaya. Kigae na bonge usivioshe. Nilikuwa nimeshaviosha kwa sabuni ya unga, ila hilo sikumwambia.

Barua nikaiandika, halafu, kama ujuavyo mambo ya mjini, sikuipeleka mpaka nilipokwenda kwetu tena msimu wa korosho wa mwaka 2024. Nilipitia ofisi moja ya umma nikiwa na barua imekunjika. Karani akaisoma mpaka mwisho, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Dhahabu ipo?" Nikasema haipo. Akagonga muhuri, akaitia kwenye faili. Nina nakala yangu.

Kilichonirudisha si usafi wa moyo. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya lami kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na daraja la Mwiti. Mimi ni mtu wa kwanza kuitaka hiyo lami. Bibi aliwahi kupelekwa hospitali nyuma ya pikapu wakati wa masika, na sitaki kukueleza safari hiyo. Benki kama hizo huweka masharti kwamba kikionekana kitu cha kale kazi isimame mahali hapo. Vizuri. Lakini kilomita 160 zinataka mashimo ya kifusi mangapi, na kila shimo lina waokota mawe wangapi wenye umri wangu wa wakati ule? Nikawaza nikae kimya, nikashindwa.

Nikateremka kwa mjomba tukaenda shimoni. Limejaa maji, watoto wanaogelea, bata wamehamia. Nikadhani yamekwisha. Mjomba akanishika mkono tukazunguka kwa nyuma, upande ambao kijiko hakikufika. Ule mstari mweusi bado upo, urefu wa kama hatua sita, na kwenye kona moja unaona duara la udongo ulioungua ukawa mwekundu mkali, limekatwa upande mmoja tu. Nikapiga magoti. Sikugusa. Mjomba akaniuliza, "Ndiyo lenyewe?" Nikasema sijui mjomba, nadhani ni tanuru.

Yeye amelima hapo miaka yote na alikuwa akisema kabla ya babu yake palikuwa pori tupu. Alisimama muda mrefu akiliangalia. Jioni akakata miiba akazungushia ile kona, na watoto akawaambia kuna nyoka.

Bibi nilimrudishia kile kigae akitunze. Kila nikipiga simu ananiuliza, mdomo umeshapatikana? Namwambia bado, bibi.

Wiki iliyopita mjomba amepiga. Mvua imekula ukingo, umedondoka kama futi moja, na miiba mingine imekwenda na maji. Anataka kujenga kibanda cha nyasi juu yake ili maji yapite pembeni. Nimemtumia ya misumari na kamba, na hiyo barua nimeichapa upya, mara hii naipeleka Mambo ya Kale kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimkuta yule dada huko, nitasalimia tu.